Dawa ya Minyoo Iliyofungwa Kwenye Punje

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina duka la dawa za mifugo hapa Makambako. Mwanangu yuko mwaka wa tatu chuoni, anasoma kemia. Likizo hii kanikuta napanga chupa za levamisoli, akaniambia: "Mama, hii dawa ya minyoo Wazungu wanaifanya kichocheo cha kutengenezea dawa nyingine. Tena wanaifunga kwenye punje za plastiki, wakimaliza wanachuja, wanaitumia tena." Ananitania, au ada ninayolipa inafanya kazi?
Muuza dawa, Makambako

JIBU: Marahaba, mama. Ada inafanya kazi. Kijana hakutanii, ila karuka hatua mbili tatu, na mojawapo ndiyo tamu kuliko zote.

Tuanze na jina lililo kwenye chupa. Levo ni kushoto, kutoka Kilatini laevus. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Janssen, Ubelgiji, ilitoa dawa ya minyoo iitwayo tetramisoli. Ndani yake mlikuwa na molekuli za namna mbili, nusu kwa nusu. Atomu ni zilezile, zimeungana kwa utaratibu uleule, ila moja ni kandambili ya kushoto na nyingine ya kulia. Mnyoo anapoozwa na ya kushoto. Ya kulia kwake ni kama haipo, lakini mwilini mwa mbuzi haikosi madhara. Ya kulia ilipoondolewa, kipimo kikashuka nusu, na iliyobaki ndiyo hiyo unayoiuza.

Mimi habari za mikono ya molekuli sikuzianzia chuoni. Nilikutana nazo kwenye maabara ya kiwanda cha sukari, bonde la Kilombero, nikiwa na miaka 22. Lori la miwa likiingia tunakamua sampuli, tunaisafisha kwa asetati ya risasi (dawa mbaya ile, sitamani kuishika tena), tunachuja, tunajaza neli ya milimita 200 na kuilaza kwenye polarimita. Mwanga uliochujwa ukabaki unatetema upande mmoja tu, ukipita kwenye maji ya sukari, unageuzwa kuelekea kulia. Sukari ya miwa ikiwa safi, kipimo chake ni nyuzi 66.5. Miwa iliyochomwa ikalala shambani siku kadhaa, sukari yake inavunjika kuwa glukosi na fruktosi, na kwa kuwa fruktosi inageuza mwanga kwa nguvu kwenda kushoto, namba inaporomoka. Wakulima walituchukia kwa namba ile. Kumbe kutwa nzima tulikuwa tunapima mikono.

Sasa ukitaka kuunda molekuli ya mkono mmoja kwenye chupa ya maabara, shida yako ni kwamba chupa haina upendeleo. Inakupa nusu kwa nusu, kila mara. Kupata kushoto peke yake lazima pawepo kitu chenye mkono, kikae pale pale kiungo kipya kinapofungwa, kizibe njia ya upande mmoja. Kitu hicho ndicho kichocheo cha mkono mmoja, na gramu zake chache zinaongoza gramu nyingi za bidhaa bila chenyewe kuliwa.

Hapo ndipo dawa yako inapoingia. Mwaka 2006 Vladimir Birman wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, aliijaribu tetramisoli kwa kazi ambayo hakuna mnyoo aliyehusika nayo: kuhamisha kipande cha asidi na kukikabidhi kwa alkoholi. Iangalie kwa karibu inavyofanya. Naitrojeni yake moja inakishika kile kipande. Salfa iliyo jirani inavutana na oksijeni ya kipande hicho, kwa hiyo kinalala bapa, hakigeukigeuki. Kisha pete ya fenili inasimama upande mmoja kama boriti iliyoegeshwa mlangoni. Alkoholi inayokuja kupokea lazima ipitie upande wa pili, na kati ya alkoholi ya kushoto na ya kulia, mmoja anapita kirahisi, mwenzake anakwama mabega. Birman akaongeza pete moja ya benzini kwenye molekuli, akaiita benzotetramisoli, na hiyo ikachagua vizuri zaidi ya mama yake. Huko Scotland, Chuo Kikuu cha St Andrews, kundi la Andrew Smith limejenga kazi ya miaka mingi juu ya ukoo huohuo.

Na punje? Ni polistireni, ndugu wa lile boksi jeupe la chipsi. Minyororo yake imeshonwa pamoja na kitu kiitwacho divinilibenzini ili isiyeyuke, na punje zenyewe ni laini kama chumvi ya mezani. Aliyezipa heshima kwenye kemia ni Bruce Merrifield wa New York, aliyezitumia mwaka 1963 kuunganisha asidi amino, yaani matofali ya protini, moja baada ya nyingine, na akapewa Nobeli mwaka 1984. Mwaka 2016 maabara ya Miquel Pericàs, kwenye taasisi ya kemia ya Tarragona, Hispania, ilitangaza punje za namna hiyo zilizobeba mjukuu wa benzotetramisoli. Unamwaga malighafi, kazi inafanyika, unachuja. Bidhaa inapita na kimiminika, kichocheo kinabaki juu ya chujio.

Hatua aliyoiruka mwanao ni hii: dawa ya dukani haiwezi kubandikwa kwenye punje kama ilivyo. Haina mpini. Lazima uijenge upya ikiwa na mkia mahali ambapo hautaigusa ile boriti ya mlangoni, ndipo mkia huo uushone kwenye plastiki. Kwa hiyo asikuombe chupa za kwenda kufanyia jaribio. Waachie mbuzi.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nimefunga prolini, asidi amino ndogo yenye mkono, kwenye punje za polistireni na kuitumia mara tano kama kichocheo cha mmenyuko wa aldoli, ule wa kuunganisha ketoni na aldehidi. Kila mzunguko niliuacha usiku kucha, saa 16, kisha nikachuja. Mavuno yangu ni asilimia 96, 95, 96, 94 na 95, na mkono haukubadilika. Msimamizi kaandika pembeni ya jedwali kwa wino mwekundu: "Hii haionyeshi kitu." Amenionea?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Hajakuonea. Kakuokoa na aibu ya mbele ya watahini.

Jedwali lako linasema kwamba asubuhi ulikuta ubwabwa umeiva. Halisemi jiko lilichukua muda gani. Chukulia kichocheo chako kinapoteza asilimia 20 ya kasi yake kila mzunguko. Kufika mzunguko wa tano kimebaki na asilimia 41. Kama mara ya kwanza kazi iliisha kwa saa 3, mara ya tano itaisha kwa saa 7 na dakika 20 hivi. Wewe umefungua chupa baada ya saa 16! Zaidi ya nusu ya kichocheo imekufa, na karatasi yako inaonyesha asilimia 95.

Na mkono kutobadilika usikutie moyo kupita kiasi. Molekuli za prolini zilizokufa zimekaa kimya, hazifanyi kazi mbaya wala nzuri. Zilizobaki hai bado ni za mkono uleule, kwa hiyo hesabu ya mkono inatoka safi mpaka yule wa mwisho anapozikwa. Mambo hugeuka kama kichocheo ni cha metali. Metali ikichomoka kwenye kishikizo chake ikaogelea peke yake, inaendelea kufanya kazi ikiwa haina mkono, na hapo utaona mkono wa bidhaa unalegea.

Fanya hivi. Kila mzunguko chota tone moja mapema, dakika ya 30, bidhaa ikiwa bado ni kidogo, upime. Rudia dakika ya 60. Chora mistari mitano kwenye karatasi moja. Ikilaliana, una kichocheo kinachotumika tena. Ikianza kuinama, unajua kinakufa kwa kasi gani, na hilo nalo ni tokeo la kuandikwa. Halafu, mzunguko mmoja, chuja kazi ikiwa nusu na joto ni lilelile, uache kilichopita kwenye chujio kiendelee bila punje. Kikiendelea kuzaa bidhaa, kuna mtoro.

Nakwambia haya kwa sababu na mimi niliwahi kuandika jedwali kama lako. Nilikuwa kwenye maabara moja Ulaya, baridi ya kupasua midomo, punje zangu ziko kwenye chupa na sumaku ya kukorogea inazunguka chini. Mzunguko wa nne chujio likaziba. Kimiminika kilichofanikiwa kupita kilikuwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele. Nikalaumu karatasi za kuchujia, nikabadilisha, zikaziba tena. Kwenye daftari nikaandika "kichocheo kimedhoofika," siku tatu mfululizo. Fundi wa maabara, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akachota kidogo kwa kijiko, akaweka chini ya hadubini, akanisogezea kiti, hakusema neno. Punje mpya ni duara, zinang'aa, unaweza kuzihesabu. Zangu zilikuwa vigae, na katikati ya vigae ni unga. Sumaku ilikuwa inazikanyaga juu ya kitako cha chupa saa zote hizo. Kichocheo hakikudhoofika. Nilikisaga, na sehemu yake nikaimwaga na kimiminika kila nilipochuja.

Kwa hiyo tikisa chupa nzima, usikoroge kwa sumaku. Au afadhali zaidi: weka punje ndani ya neli ya kioo, ziba ncha kwa pamba ya kioo, na usukume malighafi kwa pampu iingie huku itokee kule. Punje hazigusani na chochote kinachozunguka, na ukikusanya kinachotoka saa baada ya saa, uchovu wa kichocheo unajionyesha wenyewe. Ila kama unatumia dikloromethani au toluini, usijaze neli punje kavu mpaka juu. Polistireni ikikutana na kiyeyushi inachokipenda hunywa na kuvimba mara kadhaa, kama maharage uliyoyaloweka kwenye kopo lenye mfuniko. Nilishaokota vioo vya neli mbili sakafuni. Loweka kwanza, ndipo ujaze. Na ukiosha kwa methanoli ujue punje zitasinyaa tena, usidhani zimeibiwa.

Jambo la mwisho, si la jedwali bali la nia. Prolini ni rahisi. Benjamin List na wenzake walipoonyesha mwaka 2000 kwamba asidi amino hii ndogo inaweza kuongoza aldoli peke yake, asetoni kwa nitrobenzaldehidi iliwapa mavuno ya asilimia 68 na ziada ya mkono ya 76, yaani kati ya molekuli 100 za bidhaa 88 ni za mkono mmoja na 12 za mwingine. Nobeli yake, pamoja na David MacMillan, ilikuja mwaka 2021. Wewe, kupata pa kuishikia, nadhani umelazimika kuanza na hidroksiprolini, ile inayopatikana kwa wingi kwenye jelatini ya ngozi na mifupa, halafu hatua kadhaa za kuishona. Sasa piga hesabu: punje yako lazima irudi mara ngapi ndipo ilipe gharama ya kushonwa, wakati prolini tupu unaweza kuimwaga na maji usijute? Iandike hesabu hiyo kwenye tasnifu hata kama inakuuma.

Kufunga kunalipa pale ambapo kichocheo ni ghali au ni hatari. Osmiamu, metali adimu, ni mfano wangu wa kila siku. Barry Sharpless aliitumia pamoja na alkaloidi za magome ya mkwinini, miti inayolimwa mpaka leo huko Kivu, kuweka hidroksili mbili upande mmoja wa molekuli. Kazi nzuri mno, lakini mvuke wa osmiamu tetroksidi unaumiza macho, na hutaki hata chembe yake ibaki kwenye dawa ya mtu. Shu Kobayashi wa Tokyo aliifungia ndani ya polistireni mwaka 1998. Hapo sihoji gharama.

SWALI: Mnasifia kutunza mazingira, kumbe mnaongeza plastiki! Hakuna kitu cha asili cha kufungia hivyo vichocheo vyenu? Hapa Tanga tuna kila kitu.
Msomaji, Tanga

JIBU: Umenishika pabaya. Polistireni ni plastiki, na siku kichocheo kikifa, punje zinakwenda kuchomwa. Wapo wanaotumia silika, ambayo ni ndugu wa mchanga, na wapo wanaotumia kitosani kutoka maganda ya kamba. Hiyo ina naitrojeni za kushikia na mkono wake wa kuzaliwa, ila kuipata unapitisha maganda kwenye asidi na magadi makali, na maji machafu yanayobaki sijui utayamwaga kwa nani. Usinijibu "baharini."

Lakini nataka kukupeleka Osaka. Mwaka 1956 Shiro Akabori, Yoshiharu Izumi na wenzao walichukua hariri, ile ya nguo, wakaipaka paladiamu. Hariri ni protini, ina mkono. Wakapitisha haidrojeni, na bidhaa zikatoka zimeegemea mkono mmoja. Yaani kichocheo kigumu cha kuchujwa, chenye mkono, kilikuwepo miaka saba kabla ya makala ya Merrifield. Kilichowasumbua ni hariri yenyewe: matokeo yalibadilika kufuatana na ilikotoka na ilivyosafishwa. Ukiwahi kununua nazi mbili kwenye fungu moja, moja ina tui na nyingine maji, utawahurumia.

Izumi akaiacha hariri, akashika nikeli ya Raney. Hiyo hutengenezwa kwa kuyeyusha alumini itoke kwenye mchanganyiko wa nikeli na alumini kwa soda kali, inabaki nikeli yenye vitundu kama sponji. (Ikikauka inawaka yenyewe hewani, kwa hiyo hukaa kwenye maji muda wote.) Akailoweka kwenye asidi ya tartariki. Na asidi hiyo unaijua, msomaji wa Tanga, kwa sababu ndiyo inayokukunja uso ukila ukwaju. Inajibandika juu ya uso wa nikeli, inaugeuza uwe na mkono, na ukiongezea bromidi ya sodiamu kidogo, ziada ya mkono unapoiongezea haidrojeni molekuli iitwayo methili asetoasetati inapita asilimia 80. Tatizo lake ni lilelile la mwanafunzi wa Dodoma: asidi inabanduka pole pole, inabidi nikeli iloweshwe upya. Lakini asidi ni ya bei ndogo na ya mti, na mimi kama ningekuwa na miaka 30 tena ningeshughulika na hilo kuliko kitosani. Usikimbilie kuchemsha ukwaju wa sokoni, lazima asidi isafishwe kwanza.

Na kama unauliza nini kilifika kiwandani mapema, ni kimeng'enya. Mwaka 1969 Ichiro Chibata na wenzake wa kampuni ya Tanabe, Japani, walikifunga kimeng'enya cha aminoasilesi kwenye punje za dekstrani, wakazijaza ndani ya neli, wakapitisha asidi amino za nusu kwa nusu zilizofunikwa asetili. Kimeng'enya kilizifunua za kushoto tu. Za kulia zilipashwa joto mpaka zikageuka nusu kwa nusu tena, zikarudishwa mwanzo wa neli. Neli ikichoka hawakuitupa, walipitisha kimeng'enya kipya kikajishika kwenye punje zilezile. Dekstrani, kwa taarifa yako, hutokana na bakteria waliolishwa sukari ya miwa.

SWALI: Nafundisha kidato cha tano. Polarimita hatuna na hatutegemei kuipata. Nitawaonyeshaje wanafunzi kwamba molekuli zina mkono?
Mwalimu, Songea

JIBU: Unayo laptopu? Skrini yake ya LCD inatoa mwanga ambao tayari unatetema upande mmoja, kwa hiyo nusu ya polarimita unayo mezani. Nusu ya pili ni miwani ya jua ya polaroidi, ya kweli. Kuijua, ivae, tazama skrini, kisha uizungushe kama usukani: kama kuna pembe ambapo skrini inakuwa nyeusi, ndiyo yenyewe.

Weka ukurasa mweupe kwenye skrini. Pika shira nzito ya sukari, iache ipoe, ijaze kwenye bilauri yenye kitako bapa, kina cha kiganja hivi. Fungua laptopu mpaka skrini ilale kadiri inavyowezekana, isimamishe bilauri juu yake kwa wepesi, na wanafunzi watazame kutoka juu kupitia miwani. Wakiizungusha wataona rangi zikipishana ndani ya shira, bluu, zambarau, njano, wakati maji matupu kwenye bilauri ya pili hayafanyi hivyo. Kila rangi inageuzwa kwa pembe yake. Waambie wajaribu na asali, ambayo fruktosi yake huwa inashinda na kuvuta kushoto, walinganishe mpangilio wa rangi unakwenda upande gani.

Tandaza mfuko wa nailoni mwembamba juu ya kibodi kabla hujaanza. Juu ya skrini usitandaze, kwa sababu nailoni nayo hugeuza mwanga, na wanafunzi wako watakuja kukusumbua kwa swali jingine.